Vifaa vya tiba vya kale: namna ya kuvitoa kabatini na kuviweka mbele ya watu

Kabati la dawa lililofungwa kwa miaka hamsini si sawa na kabati la vyombo vya chai. Mkasi ukizeeka huwa butu. Dawa ikizeeka, mara nyingine huwa kali kuliko siku ilipotoka kiwandani. Zebaki haichakai. Radiamu, madini yenye mionzi, hupungua nusu kila miaka 1,600, na etha, dawa ya zamani ya usingizi wa upasuaji, ikisahauliwa rafuni hujitengenezea kilipuzi ndani ya chupa yake. Kwa hiyo maonyesho ya tiba na sanaa hayaanzi na rangi ya ukuta wala taa. Huanza na mtu aliyesimama mbele ya kabati, mikono nyuma, akisoma chupa kupitia kioo.

Maelezo haya ni ya mtu anayeandaa chumba kimoja au viwili: hospitali yenye stoo ya vifaa visivyotumika, chuo cha uuguzi, makumbusho madogo yaliyoachiwa sanduku la daktari marehemu. Makumbusho makubwa yanafuata kanuni hizihizi, ila yana watu wengi zaidi wa kuzitekeleza.

Siku ya kwanza: macho tu

Fungua madirisha nusu saa kabla ya kufungua kabati. Vaa koti la maabara, miwani ya kinga na glovu za nitrili. Glovu nyeupe za pamba, zile za kwenye filamu, hazifai hapa: huteleza kwenye kioo, hunasa kwenye meno ya msumeno, na kitu kikivuja hukinyonya mpaka kwenye ngozi. Vua pete na saa, kwa sababu zebaki ikigusa dhahabu hushikamana nayo na kuiharibu. Chakula na maji ya kunywa vibaki nje ya mlango.

Piga picha kila rafu kabla kitu chochote hakijasogezwa. Mahali kitu kilipokaa ni sehemu ya historia yake; chupa tatu zilizosimama pamoja huenda zilikuwa tiba ya ugonjwa mmoja, na ukishazitenganisha hutajua tena. Kisha fanyeni kazi wawili: mmoja anagusa, mwingine anaandika. Anayegusa asiandike, la sivyo vumbi la arseniki litahamia kwenye kalamu na kutoka hapo litafika mdomoni. Anayeandika atumie penseli, maana wino ukidondokea lebo ya karne iliyopita hautoki.

Kwa kila kitu andika namba, nyenzo, vipimo kwa milimita, maandishi yote yaliyo juu yake neno kwa neno pamoja na makosa ya herufi, na hali yake. Ongeza safu moja ambayo wengi huisahau: hatari. Kama hujui, andika "haijulikani" na kitu hicho ukihesabu kuwa cha hatari mpaka itakapothibitishwa vinginevyo.

Usinuse chupa. Hewa ya kabati yenyewe inatosha kukuambia mambo: harufu ya siki hutoka kwenye filamu za X-ray za asetati, aina ya plastiki, zinazooza, na harufu ya asidi inayochoma pua yaweza kuwa filamu za naitreti, ambazo nitazifikia.

Vitu vya kuacha palepale vilipo

Vichache havitakiwi kuguswa kabisa na mtu asiye na mafunzo. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kudhani kwamba kwa kuwa chupa imekaa kimya miaka yote, itavumilia kusogezwa mara moja.

Cha kwanza ni asidi pikriki. Ilikuwa dawa ya majeraha ya moto na imewahi kukutwa kwenye masanduku mengi ya huduma ya kwanza ya zamani. Ni ya manjano. Ikiwa imelowa maji ni tulivu. Ikikauka hugeuka fuwele zinazolipuka kwa kusuguliwa, kugongwa au kupata joto, na ikikutana na madini hufanya chumvi zinazolipuka kwa wepesi zaidi. Sasa fikiria kifuniko cha chuma chenye hesi, na fuwele za manjano zimekauka katikati ya hesi hizo. Kukizungusha ndiko kusugua kwenyewe. Usifungue "ili uongeze maji". Usitikise ili uone kama kuna kimiminika. Toka, funga mlango, zuia watu, ita kikosi cha mabomu au zimamoto. Iodofomu nayo ni unga wa manjano na haina tabia hiyo, lakini lebo ikiwa imetoka huwezi kuzitofautisha kwa macho, na hapa si mahali pa kubahatisha.

Etha nayo hufuata njia hiyohiyo. Ikikaa na hewa na mwanga hutengeneza peroksaidi, na ukiona fuwele nyeupe shingoni mwa chupa au utando mzito chini yake, ni habari ya kikosi kilekile.

Filamu za X-ray za kabla ya katikati ya miaka ya 1930 zaweza kuwa za selulosi naitreti. Tarehe 15 Mei 1929, katika Cleveland Clinic nchini Marekani, filamu za aina hiyo zilizohifadhiwa chini ya jengo zilishika moto, na moshi wake wa sumu ukapanda juu; walikufa watu 123. Naitreti ikiungua hutoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo kuifunika kwa blanketi hakuizimi. Angalia ukingo wa filamu bila kuitoa kwenye bahasha: ikiandikwa SAFETY, si naitreti. Iliyogeuka kahawia, inayonata au iliyoanza kuwa unga iache, hakikisha chumba kina hewa na hakina joto, wala usiifunge kwenye mfuko wa plastiki. Gesi zake zikikosa pa kutokea huongeza kasi ya kuoza.

Radiamu inahitaji kipimamionzi, na huwezi kuitambua kwa macho. Iliwekwa ndani ya sindano za kutibu saratani, kwenye rangi ya kung'aa ya saa na mita, na hata kwenye mitungi ya maji ya kunywa iliyouzwa kama tiba miaka ya 1910 na 1920. Wengi huzima taa, wakiona rangi haing'ai tena hushusha pumzi. Kilichokufa ni ile kemikali inayotoa mwanga. Radiamu iko kama ilivyokuwa. Tena huzaa gesi ya radoni inayojaa ndani ya kabati lililofungwa, na atakayeivuta hewa hiyo ni yule anayekuja kufungua ili apanguse kioo.

Kasumba, mofini, kokeini, strikinini na arseniki ni suala la sheria kuliko la mlipuko. Mwite mfamasia mwenye leseni, hesabuni pamoja, mjulishe mamlaka ya dawa. Usimwage kwenye sinki. Kabla ya kutoa kilichomo, piga picha inayoonyesha kimiminika kilifika wapi kwenye chupa, kwa sababu chupa iliyobaki robo ni ushahidi kwamba kuna mtu aliitumia.

Bahasha ndogondogo zilizofichwa ndani ya vitabu nazo zisifunguliwe. Mwaka 2003 maktaba moja huko Santa Fe, Marekani, ilikuta ndani ya kitabu cha karne ya 19 bahasha yenye magamba ya vidonda vya chanjo ya ndui. Damu iliyokauka kwenye kisu kwa miaka mia kwa kawaida si tishio kubwa, lakini ndui na kimeta ni habari nyingine. Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, halafu simu kwa watu wa afya ya jamii.

Zebaki

Hii utaikuta. Kipimajoto cha homa kina kama gramu moja. Mashine ya presha ya safu ya zebaki ina gramu 80 hadi 120, na hapo ndipo uzembe hugharimu.

Kabla ya kuinua mashine ya presha, tafuta swichi ndogo chini ya safu. Inamisha kisanduku kama nyuzi 45 kuelekea upande wa tangi, zebaki yote irudi, ndipo ufunge swichi. Ukifunga huku sehemu ya zebaki imebaki juu, itapita kwenye kizibo cha juu siku utakapoilaza. Ibebe ikiwa wima, ndani ya sinia la plastiki lenye kingo zilizoinuka. Sinia la alumini halifai: zebaki huila alumini.

Ikimwagika, watu watoke bila kukanyaga, mlango wa ndani ufungwe, dirisha lifunguliwe, feni na kiyoyozi vizimwe. Usifagie, maana ufagio huvunja tone moja kuwa mia. Mashine ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi: huipasha joto na kuirusha chumbani ikiwa mvuke, na mashine yenyewe haitasafishika tena. Ikiwa ni ya kipimajoto kimoja, sukuma matone kwa kadi mbili ngumu mpaka yaungane, yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na vipande vidogo vinase kwa selotepu. Laza tochi sakafuni na utazame kwa pembeni. Kila tone lililobaki litameremeta. Kila kitu, pamoja na kadi na selotepu, kiingie kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, kiandikwe na kikabidhiwe kwa wanaoshughulika na taka za sumu. Ikiwa ni ya mashine ya presha, usijaribu. Ita wataalamu.

Vyenye makali

Chanjo yako ya pepopunda iwe hai kabla ya kugusa kitu chochote hapa. Visu na mikuki ya kutobolea huonekana, basi huumiza wachache. Kinachoshtua ni kile kisanduku cha kuchanjia kabla ya kuumika chuku. Ni cha shaba ya manjano, kinatosha kiganjani, uso wa chini una mianya myembamba, mara nyingi kama 12, juu kuna wenzo mdogo na ubavuni kitufe. Wenzo ukivutwa springi hukazwa. Kitufe kikibonyezwa, nyembe zote hutoka kwa pamoja, huzunguka nusu duara na kujificha tena kabla hujapepesa jicho. Mwumishi alikibana kwenye mgongo wa mgonjwa, akabonyeza, kisha akaweka kikombe juu ya mikato.

Tatizo ni kwamba aliyekirudisha sandukuni mara ya mwisho huenda alikiacha kimekazwa. Usivute wenzo ili ujue. Kishike kwa mbavu mbili zisizo na kitufe, mianya ikielekea chini, na ukilaze juu ya sponji ya unene wa sentimita 5. Kifunge hapo kwa utepe wa pamba. Kitabaki hivyo mpaka mtaalamu wa uhifadhi akilegeze, kwa sababu springi ya umri huo ikiachiliwa ghafla yaweza kuvunjika na kuliharibu umbo lote la ndani.

Mipini ya pembe za ndovu na gamba la kasa ina masharti yake ya kuvuka mpaka wa nchi chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukipanga kuazima au kuazimisha, anza kufuatilia vibali miezi kadhaa kabla.

Kusafisha kidogo kuliko unavyotamani

Hamu ya kwanza ya kila mtu ni kung'arisha. Izuie. Dawa ya kung'arishia madini huacha utando mweupe kwenye michoro, hufuta jina la fundi, na hufuta ule ulaini mdogo ambao kidole gumba cha daktari kiliuchonga kwa miaka ishirini. Kutu iliyotulia, ngumu, isiyoacha unga kidoleni, iache.

Kinachohitajika ni brashi laini ya nywele za mbuzi na mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la HEPA, lile linalonasa vumbi laini kabisa, ikiwa kwenye nguvu ya chini, mdomo umefunikwa kwa kitambaa cha wavu. Piga brashi kuelekea kwenye mkonga. Usiguse kifaa kwa mkonga wenyewe. Ule wavu ni wa kukamata kipande kitakachong'oka, na kitang'oka.

Kabla ya kupangusa mpini, usome. Mpini wa mpingo au pembe, wenye mikato ya kukingama, haukutengenezwa kuchemshwa. Vifaa vya chuma kitupu, laini toka ncha hadi mwisho, vilienea baada ya waganga kuanza kuua vijidudu kwa mvuke mwishoni mwa karne ya 19. Uchafu ulioganda kwenye mikato hiyo ni sehemu ya hoja utakayoitoa ukutani. Ukiusugua, umebaki na kipande cha mbao.

Chupa zisioshwe. Lebo zake zimebandikwa kwa gundi ya maji na wino wake mara nyingi hukimbia. Chupa za sumu za bluu au kijani zenye mistari iliyoinuka kwenye kioo zipanguse mistari kwa brashi kavu tu. Mistari hiyo iliwekwa ili mtu anayepapasa usiku ajue kwa vidole ameshika nini, na wageni wako watataka kuiona.

Mpira unataka subira. Bomba la stetoskopu la zamani huwa limenata au limekauka kama gome, ukilinyoosha litakatika. Liache katika mkunjo wake, juu ya karatasi yenye silikoni kama ile ya kuokea. Usiliweke kabati moja na vifaa vya fedha, kwani salfa inayotoka kwenye mpira itavigeuza vyeusi kabla maonyesho hayajafika nusu.

Viungo vya nta havipati maji wala spiriti. Nta ya nyuki huyeyuka karibu nyuzi joto 62 hadi 64, lakini huanza kulegea mapema mno kabla ya hapo, na vumbi likishaingia kwenye nta iliyolegea halitoki. Shika ubao wa chini, kamwe si mkono wala pua. Vielelezo vya mwili vya karatasi iliyopondwa, kama vile Louis Auzoux wa Ufaransa alivyovitengeneza karne ya 19, vilibuniwa ili vifunguliwe kipande kwa kipande kwa ndoano zenye namba. Leo gundi imechoka na rangi inabanduka. Amua utakavyovionyesha, vifungue mara moja, vipige picha, viache hivyo.

Kabati la kioo

Kabati baya huua taratibu. Mwaloni na MDF, mbao za unga wa mti uliogandamizwa, hutoa asidi zinazoligeuza bomba la madini ya risasi kuwa unga mweupe. Sufu hutia fedha weusi. Plastiki ya PVC huachia asidi yenye klorini, na rangi mpya ya ukuta hutoa mvuke kwa wiki kadhaa. Iache ikauke wiki nne kabla ya kufunga kioo. Vya kutegemewa ni kioo chenyewe, alumini, chuma kilichopakwa rangi ya unga, akriliki, sponji ya polietilini, na kitambaa cha pamba kisicho na rangi kilichofuliwa bila dawa ya kulainisha.

Kama huna uhakika na kitambaa au gundi, fanya jaribio alilolianzisha Andrew Oddy wa British Museum miaka ya 1970. Weka gramu 2 za hiyo nyenzo ndani ya chombo cha kioo cha mililita 50 pamoja na nusu mililita ya maji na vipande vitatu vilivyosuguliwa vikang'aa: fedha, risasi na shaba. Funga kabisa. Andaa chombo cha pili kilekile bila nyenzo. Viache vyote kwenye nyuzi joto 60 kwa siku 28, halafu linganisha. Kipande kikibadilika kuliko mwenzake wa chombo cha pili, nyenzo hiyo haiingii kabatini hata kama mshonaji amekwisha kuikata.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 60. Vya chuma vikiwa peke yao, kaa chini zaidi. Ukipita 65, ukungu huanza kuota kwenye ngozi na karatasi. Kipimo cha unyevu kisichohakikiwa ni pambo tu. Hakiki hivi: changanya chumvi ya mezani na maji kidogo ndani ya kifuniko mpaka iwe uji mzito, ifunge pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, uviache usiku kucha penye joto la kawaida. Kipimo kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 69, andika "ongeza 6" mgongoni mwake.

Vishikizo vya kusimamishia viwe vya shaba ya manjano vilivyovikwa mrija mwembamba wa plastiki. Kifaa kikae juu ya sehemu yake nene. Koleo lisining'inie kwenye skrubu yake. Uzi wa kuvulia samaki unavutia kwa kuwa hauonekani, lakini hunyooka kidogo kidogo, na asubuhi moja utakuta msumeno umelala juu ya chupa. Ukimaliza kupanga, piga sakafu kwa kisigino mara tatu. Kinachotikisika kirudie.

Mwanga

Karatasi, michoro ya rangi za maji, picha zilizochapwa na nguo hupewa lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Picha za rangi za mafuta na mbao hupewa 150 hadi 200. Pima kwenye uso wa kitu, si sakafuni, na kwa mita halisi, simu hudanganya. Taa za LED hutoa mionzi michache sana ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayofifisha rangi, ila dirisha moja lisilo na pazia hufuta faida hiyo yote.

Madhara ya mwanga hujumlishwa, hayapumziki. Mchoro ulio kwenye lux 50, saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 12, umekula lux-saa 28,800. Ukiongeza taa hadi lux 100 kwa kuwa mgeni mmoja alilalamika giza, umeimaliza akiba hiyohiyo kwa wiki sita. Dawa ya malalamiko iko mlangoni: punguza mwanga hatua kwa hatua toka nje kuingia ndani, uwape macho dakika chache za kuzoea, na ukuta wa nyuma ya mchoro uwe wa rangi nzito. Kitabu kilichofunuliwa kigeuzwe ukurasa kila miezi mitatu, na kisifunuliwe zaidi ya pale kinapofika chenyewe bila kusukumwa.

Picha kando ya kifaa, maneno kando ya picha

Kifaa kinaonyesha upande wa daktari. Upande wa mgonjwa aghalabu uko kwenye sanaa, na ndiyo faida ya kuviweka pamoja. Weka chupa ya dawa ya jongo peke yake, watu watapita. Iweke chini ya mchoro wa mwaka 1799 wa James Gillray, mchora vikatuni wa Uingereza, ambapo jongo ni shetani mweusi mdogo aliyezamisha meno na kucha kwenye mguu uliovimba, na hakuna atakayeuliza chupa ilikuwa ya nini. Mchoro wa umri huo hauna tena haki miliki. Wellcome Collection ya London, iliyofunguliwa mwaka 2007, ina hazina kubwa ya picha za tiba za kupakua bure mtandaoni. Soma leseni ya kila picha kabla ya kuichapa, kwa sababu hazifanani.

Lebo isizidi maneno 60 hivi. Herufi ziwe za pointi 18 kwa uchache, 24 kama mwanga ni wa lux 50. Katikati ya maelezo ya ukutani iwe sentimita 140 hadi 150 toka sakafuni, na lebo ndani ya kabati iinamishwe ili aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu aisome bila kioo kumrudishia taa machoni. Keti kitini mwenyewe ujaribu.

Lebo ambayo wengi huandika ni hii: "Msumeno wa upasuaji. Chuma na mpingo. Karibu 1840." Haina kosa, wala haina mtu ndani yake. Jaribu hivi:

"Msumeno wa kukatia mguu, karibu 1840. Upasuaji kwa usingizi wa etha ulionyeshwa hadharani huko Boston Oktoba 1846, kwa hiyo aliyelazwa chini ya msumeno huu kabla ya hapo alikuwa macho. Daktari alisifiwa kwa kasi yake. Tazama mikato kwenye mpini: ilizuia mkono uliolowa damu usiteleze. Mikato hiyohiyo haikusafishika."

Ni msumeno uleule, na sasa mgeni atainama kuutazama mpini.

Majina nayo yaangaliwe. Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyefariki mwaka 1936, alikusanya vitu zaidi ya milioni moja toka kila pembe ya dunia. Ukumbi wa Wellcome Collection uliosimulia mkusanyo huo ulifungwa Novemba 2022, na waliokuwa wakiuendesha ndio waliosema uliwaacha nje au kuwadhalilisha watu ambao vitu vilitoka kwao. Basi kwenye lebo andika kitu kilitengenezwa na nani, kilitumika kwa nani, na kiliondoka vipi mikononi mwao, ndipo uje kwa aliyekinunua. Neno la dharau kwa wenye ulemavu au maradhi ya akili likiwa limechapwa kwenye kitu chenyewe, linukuu ndani ya alama za kunukuu na useme ni la enzi hizo. Wewe usilitumie kwa sauti yako.

Mabaki ya binadamu, yawe mifupa au kiungo ndani ya mtungi, hayaendi mbele ya watu mpaka ujue ni ya nani au angalau yalipatikanaje, na sheria inasemaje. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2004 inataka leseni kwa mwili wa mtu ambaye hajatimiza miaka 100 toka afariki. Kama ridhaa haijulikani, kielelezo cha nta au mchoro kitafundisha jambo lilelile. Ikiwa vipo na vinaruhusiwa, tangazo liwekwe kabla ya mlango wa chumba, na pawe na njia ya kukikwepa; tangazo lililobandikwa kwenye kabati lenyewe limechelewa. Mitungi ya spiriti ihesabiwe kwa lita na zimamoto wajulishwe.

Baada ya kufungua milango

Kila wiki, kabla wageni hawajaingia, pita na tochi na daftari. Angalia unga mweupe kwenye risasi, matone chini ya safu ya zebaki, kimo cha kimiminika mitungini, lebo zilizoanza kujikunja, na mitego ya gundi ya wadudu pembeni mwa sakafu; andika aina na idadi, si "wapo". Linganisha kila kifaa na picha ya siku ya ufunguzi, kwa sababu macho yanayoona kitu kila siku hayaoni kikibadilika.

Ukifungua kabati ukapokewa na harufu ya siki, kuna kitu ndani kinaoza na kinawaozesha wenzake. Acha mlango wazi, toa kwanza vya risasi na shaba, kisha tenga plastiki na filamu moja moja kila kimoja kwenye mfuko wake wa karatasi isiyo na asidi kwa siku mbili, ukiweka ndani ya kila mfuko kipande cha karatasi ya kupimia asidi. Kitakachogeuza rangi ya karatasi hakirudi kabatini, na nafasi yake iwekewe picha yake, pamoja na maneno mawili ya kueleza kwa nini hakipo.